Utajiri wa Bwana Teng

Papa Florent alikuwa amechapisha kurasa tatu kwenye mashine ya maktaba ya Haltom City, Texas, akazitia ndani ya Biblia yake ili zisikunjike. Ukurasa wa kwanza ulidai kwamba Teng Mao-sheng, mwongozaji wa filamu kutoka Taiwan, ana mali ya dola milioni kumi na nane. Wa pili ulisema milioni mbili na nusu. Wa tatu ulikiri kwamba utajiri wake haujulikani, kisha ukaueleza kwa aya sita.

"Hapa kuna mtu anadanganya," alisema Papa Florent, kwa utulivu wa mtu aliyepanga foleni za kambi ya wakimbizi kwa miaka kumi na mitano. "Ama hawa wa mtandao, ama yeye mwenyewe. Nitamuuliza."

"Papa, msanii mkubwa haulizwi swali kama hilo," binti yake Zoé alimwambia.

"Kwa nini? Mchumba akija nyumbani haulizwi anafanya kazi gani?"

"Siendi kuolewa, Papa. Naenda kujifunza kazi."

"Vilevile unatoka nyumbani kwangu."

Zoé alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, mwaka wake wa tatu chuoni, na tangu alipoiona filamu ya Bwana Teng kwa mara ya kwanza katika darasa lenye giza na viyoyozi vikali, hakutaka tena kazi nyingine yoyote duniani. Sasa mzee huyo alikuwa anakuja Houston siku ya Jumamosi. Wanafunzi kumi na wawili wa Texas walikuwa wamechaguliwa kumwonyesha filamu za dakika saba kila mmoja, naye angemteua mmoja wao kuwa msaidizi wake kwa miezi mitano, kusini mwa Taiwan, katika filamu yake mpya. Jina la Zoé lilikuwemo kati ya hayo kumi na mawili.

Lakini Papa Florent, ambaye kila jioni huendesha forklift, gari la kunyanyulia mizigo, katika ghala moja kaskazini mwa Fort Worth, alikuwa na mfano wake wa maisha mema, nao ulikuwa unakaa mji jirani wa Carrollton. "Mwangalie Kwamboka, binti ya Onyancha," alipenda kusema. "Uuguzi, mwaka wa pili tu, na tayari anaendesha gari lisilopiga kelele." Baada ya wiki mbili za mabishano mezani, alikuwa ametoa hukumu: "Nitakwenda nawe Houston. Akikuchagua, na nikisikia kwa masikio yangu kwamba kazi hiyo ina mkate ndani yake, utakwenda. La sivyo, Jumatatu tunaongozana kwenye shule ya wauguzi, na sitaki kuona machozi."

Zoé alikubali, kwa kuwa hukumu ya baba yake ikikatwa haina rufaa. Jambo ambalo hakumwambia baba yake ni kwamba aliiogopa filamu yake mwenyewe.

Ilikuwa filamu kuhusu chakula cha Jumapili nyumbani kwao. Alitaka kuonyesha jinsi watu walivyokaa kuizunguka sinia ya bugali, sombe ya majani ya muhogo na dagaa waitwao ndagala, jinsi mikono ilivyokutana, jinsi kimya cha watu waliochoka kilivyo na utamu wake. Aliweka kamera juu ya kabati akawaambia wote, "Jisahauni. Kamera haipo." Walitikisa vichwa kuonyesha wameelewa. Kisha taa nyekundu ilipowaka, baba yake alifuta mdomo, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaitazama kamera usoni.

"Mimi ni Florent Wilondja," alisema. "Niko Texas. Nawasalimu wote walioko kambini Nyarugusu, hasa mama yangu. Mama, tuko wazima. Goti langu limepona. Kuku wa huku ni wakubwa lakini hawana ladha."

Alifuatia baba mdogo wa Zoé, Ushindi, aliyewasalimu watu kumi na wanne kwa majina na kumkumbusha mmoja wao arudishe baiskeli. Alifuatia mama yake Zoé, Mado, aliyesimama na mwiko mkononi akaimba beti mbili za wimbo wa kwaya. Zoé alirekodi mara saba kwa Jumapili saba, na mara saba walisalimia. Alisihi. Alikasirika. Alieleza maana ya sinema. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Mama, kamera ikikutazama, kuna mtu nyuma yake anakutazama. Utamnyamaziaje?"

Kambini, kabla simu hazijafika kila mkono, video ilikuwa kadi ndogo iliyosafirishwa ndani ya soksi ya mtu aliyeaminika. Aliyepata nafasi ya kusimama mbele ya kamera alikuwa anasimama mbele ya ukoo mzima, labda kwa mara moja tu katika miaka mitano. Zoé aliyajua hayo, maana yeye ndiye anayerekodi harusi za kanisa lao, na harusi isiyo na saa nzima ya salamu hurudishwa kwake kama nguo iliyoshonwa bila mikono. Lakini hii haikuwa harusi. Hii ilikuwa sanaa. Kwa hiyo, mwishowe, alisogeza kamera nyuma ya migongo yao, akachukua mabega, visogo na mvuke wa chakula, akatupilia mbali nyuso zote. Filamu ikawa safi. Mwalimu wake aliisifu. Kila alipoitazama, Zoé alihisi amehudhuria chakula ambacho hakualikwa.

Jumamosi waliondoka alfajiri. Mama Mado alikuwa na zamu katika nyumba ya wazee anakofanya kazi, lakini alikuwa amewapakia ndoo ya mandazi, kwani, alisema, mtu haendi kwa mgeni mkubwa akipunga mikono kama anayefukuza nzi. Papa Florent aliishikilia ndoo mapajani njia nzima, Zoé akiendesha. Walisimama mara moja tu, kwenye kituo kimoja cha mafuta kikubwa kama uwanja wa mpira, chenye sanamu ya mnyama mwenye meno mawili na kofia. Papa Florent alimkagua mnyama huyo kama alivyofanya katika kila safari ya Houston.

"Kwetu ndezi mnene hivi angekuwa kwenye chungu," alisema. "Hawa wamemvalisha kofia."

"Si ndezi, Papa. Ni mnyama wa mitoni wa huku."

"Nimekula ndezi wengi kuliko vitabu ulivyosoma. Yule ni ndezi."

Ukumbi ulikuwa wa jumuiya ya Wataiwani, kusini-magharibi mwa Houston, katikati ya maduka ya mikate na migahawa iliyoanza kutoa harufu ya kitunguu saumu saa tatu asubuhi. Joto lilikuwa zito na lenye majimaji. Papa Florent alivuta pumzi akasema kwamba hapa tu, katika Marekani nzima, hewa inamkumbuka.

Bwana Teng aliingia bila kutangazwa. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mwembamba, amevaa shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni na viatu vyeusi vya mpira, akitembea kwa adabu ya mtu anayetafuta kiti kanisani ibada ikiwa imeshaanza. Alizungumza Kiingereza cha polepole, kila neno likiwekwa chini kama kikombe kilichojaa. Aliwashukuru waliohudhuria, akasema hana hotuba, ila angependa kuulizwa maswali.

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa umeshika Biblia.

Zoé alitamani sakafu ipasuke. Papa Florent alisimama, akajitaja jina, akataja na kazi yake, kisha akafungua kurasa zake tatu na kuzisoma zote kwa Kiingereza chake cha ghalani, namba kwa namba. "Sasa, mzee mwenzangu," akamalizia, "binti yangu anataka kazi hii yako. Mimi ni mzazi. Nieleze ukweli. Uko tajiri au hapana?"

Mwanafunzi mmoja aliinamia viatu vyake. Bwana Teng aliomba aletewe zile kurasa, akavaa miwani, akazisoma zote tatu bila haraka.

"Milioni kumi na nane," alisema. "Mke wangu akiuona huu ukurasa, atataka kujua nimezificha wapi."

Vicheko vililipuka, na Papa Florent akacheka kuliko wote. Bwana Teng alivua miwani.

"Umeuliza vizuri. Miaka thelathini waandishi wananiuliza kuhusu mwanga na kivuli. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la miwa. Filamu yangu ya kwanza niliipiga kwa kuliazima lori lake siku ambazo kiwanda kilifungwa, na waigizaji walikuwa shangazi zangu, kwa sababu shangazi hawadai mshahara. Kimbunga kilikuja, maji yakaingia kwenye stoo, filamu ikaoza. Haipo tena. Baada ya hapo nilirekodi harusi na mazishi kwa miaka tisa."

Zoé alihisi baba yake akimgusa kwa kiwiko.

"Nilipofika miaka arobaini na minne nilipata tuzo Ulaya. Nikajenga nyumba yenye ngazi za marumaru. Kisha nikapewa fedha nyingi nipige filamu kubwa ya vita, farasi mia mbili, na farasi waliigiza vizuri kuliko nilivyoongoza. Nyumba ikauzwa. Filamu ya saba ikanirudishia fedha kidogo. Leo nina makazi ya ghorofa ya nne yasiyo na lifti, na nina jengo la zamani la sinema katika mji nilikozaliwa, viti mia mbili na kumi na vinne, paa linavuja juu ya kiti namba tisini. Mke wangu ni mwalimu wa hisabati. Miaka ambayo mimi sikupata kitu, tulikula hisabati. Kazi hii ina mkate? Ndiyo. Kila mwaka? Hapana. Ningekuahidi zaidi ya hapo, ningekuwa nakudanganya."

Papa Florent alikaa. Alizikunja zile kurasa alizorudishiwa, hakuzirejesha katika Biblia bali akazitia katika mfuko wa suruali.

"Huyu si mhubiri wa miujiza," alimnong'oneza Zoé. "Huyu namwamini."

Nusu ya mzigo ilikuwa imetua. Nusu iliyobaki ilikuwa ile ya kuchaguliwa, nayo haikuwa mikononi mwa baba yake.

Filamu zilianza kuonyeshwa. Zilikuwa nzuri, Zoé alilikiri hilo kwa moyo mzito. Kulikuwa na mvua iliyopigwa kana kwamba ni hariri, kulikuwa na bibi wa Kimeksiko aliyekuwa akishona. Ya Zoé ilikuwa ya tisa. Mabega ya baba yake yalijaza pazia la sinema, mvuke ukapanda, mkono ukamega bugali, kijiko kikagonga sahani. Dakika saba zikaisha. Watu walipiga makofi ya heshima, ya aina ile inayopigwa kwa vidole.

Bwana Teng aliegemea mbele. "Umepanga picha vizuri," alisema. "Lakini kwa nini wote wamenipa mgongo?"

Zoé alikuwa ameandaa jibu. Alizungumza kuhusu umbali, kuhusu kuwalinda wahusika dhidi ya jicho la mtazamaji, kuhusu heshima ya mtu asiyeonekana. Aliongea vizuri, na kila neno lilimkaukia mdomoni.

"Hilo ni jibu la kitabu," alisema Bwana Teng kwa upole. "Wewe unasemaje?"

Kabla hajasema lolote, kiti kililia nyuma yake.

"Samahani. Ni mimi tena," alisema Papa Florent. Ukumbi ulianza kucheka kabla hajaendelea. "Mtoto anaona haya kusema. Tumempa mgongo kwa sababu tukigeuka tunasalimia. Amejaribu Jumapili saba. Sisi ndio tumeharibu filamu yake, si yeye. Usimhukumu kwa makosa ya wazazi."

"Mnasalimia nani?"

"Watu wetu. Kamera ni barua, si ndiyo?"

Bwana Teng alimgeukia Zoé. Uso wake ulikuwa umebadilika, kama wa mtu aliyesikia jina la kijiji chake likitajwa katika stesheni ya nchi ya mbali. "Unazo bado hizo picha?"

Zoé alikuwa nazo. Alikuwa amezitupa kwenye filamu, lakini hakuweza kuzifuta. Zilikuwa katika kompyuta yake, ndani ya faili aliyoipa jina la *Takataka*. Aliiunganisha na mashine ya ukumbi, na jina hilo likaonekana kwenye pazia kubwa mbele ya watu wote.

"Ati nini?" alisema Papa Florent. "Zoé! Mimi?"

Naam, na hapo akatokea yeye mwenyewe, uso mzima, urefu wa mita tatu, akifunga kifungo cha juu. Aliwasalimu wa Nyarugusu. Alitangaza kupona kwa goti. Zoé alisimama kando ya pazia akitafsiri, mwanzoni kwa sauti ndogo ya aibu. Alipofika kwenye kuku wasio na ladha, ukumbi uliangua kicheko, na sauti yake ikapanda. Baba mdogo Ushindi alidai baiskeli. Mama Mado alisimama na mwiko, akaimba, na watu wakaacha kucheka. Alipomaliza kuimba hakuketi. Aliitazama kamera kwa muda mrefu, akasema maneno ambayo Zoé alikuwa ameyasikia mara mia wakati wa kukata picha, bila kuyasikia hata mara moja. Sasa ilimbidi ayatafsiri.

"Anasema," Zoé alianza, akasita. "Anasema: Mama mkwe, usiku nikiwageuza wazee wa watu kitandani, nawageuza kwa mikono ile ambayo ningekugeuza wewe."

Hakuna aliyepiga makofi ya vidole safari hii. Mwanamke mmoja wa makamo, Mtaiwani, alikuwa akipangusa macho kwa ukingo wa programu. Bwana Teng alikuwa amesimama.

"Filamu yangu iliyooza," alisema. "Shangazi zangu walikuwa wakiigiza msiba, na katikati ya kilio mmoja wao aligeuka, akanitazama nyuma ya kamera, akaniuliza kama nimekunywa maji. Nilimkata. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilitaka kuwa msanii. Kimbunga kilichukua ile filamu, lakini kipande kile nilikitupa mimi mwenyewe. Sasa napiga filamu katika nyumba ya wazee ya mji wangu. Wote wananitazama kwenye kamera. Wote wanataka kusema jambo. Miezi mitatu wasaidizi wangu wanawakataza." Alimtazama Zoé. "Namhitaji mtu atakayewaacha waseme. Zilizobaki nitazitazama zote kwa haki, kwa kuwa wenzako wamefanya kazi. Lakini wewe usiondoke."

Zilitazamwa zote kwa haki. Saa sita na nusu mchana jina lililotajwa lilikuwa la Zoé Wilondja, naye alisimama akaketi akasimama tena, mpaka yule msichana aliyeipiga mvua kama hariri akamkumbatia ili atulie.

Basi Bwana Teng akaja mpaka kwenye safu yao, akainama kidogo mbele ya Papa Florent. Alikuwa ameelewa, pengine kwa kuwa naye ni mtoto wa mashangazi wengi, kwamba jambo lilikuwa halijaisha.

"Bwana Florent, unaniruhusu?"

Papa Florent alijinyoosha. Furaha ilikuwa ikimvuta mdomo huku na huku, lakini aliitia hatamu. "Mimi sina neno," alisema. "Umejibu swali langu mbele ya watu. Lakini binti hatoki katika ukoo wetu bila mkubwa wa ukoo kumjua anayemchukua. Mkubwa wetu ni mama yangu. Yuko kambini, Tanzania. Itabidi umsalimie."

"Kwa simu?"

"Kwa kamera," alisema Papa Florent. "Kama mtu mzima."

Zoé alifunika uso. Bwana Teng hakucheka. Aliomba kiti, akakiweka mahali ambapo mwanga wa dirisha uliangukia upande mmoja, akaketi. Mtu aliyewaambia mamia ya waigizaji wasiitazame kamera alijikuta hajui pa kuweka mikono. Papa Florent alikwenda kumrekebisha mwenyewe: mikono magotini, kidevu juu, taja jina lako, taja unakotoka, usiharakishe.

Taa nyekundu ikawaka. Bwana Teng aliongea Kitaiwani, lugha ya mama yake, na Zoé, akiwa nyuma ya kamera, hakuelewa neno hata moja wala hakukosa chochote. Alijitaja. Alionyesha kwa mkono upande ambako, labda, alidhani bahari ipo. Aligusa kifua. Mwishoni alinyanyua andazi la Mama Mado kutoka kwenye ndoo, akalionyesha kamera, akalila lote mpaka likaisha.

"Huyo kafuzu," alisema Papa Florent, akijitokeza mbele ya kamera kumsalimu mama yake.

Waliituma video kutoka pale pale. Walikuwa wameshafika katikati ya safari ya kurudi, wamesimama kwa yule ndezi mwenye kofia ili kujaza mafuta, jibu lilipoingia kwenye simu. Huko kambini ilikuwa yapata saa tano usiku, lakini Koko, bibi yake Zoé, halali kabla hajajibu. Papa Florent aliweka simu juu ya boneti, wakainamia wote wawili.

"Florent," ilisema sauti nyembamba iliyojaa upepo, "nimemwona huyo mzee. Ana adabu. Mtoto aende. Lakini uliniambia ni tajiri. Mbona hana tumbo? Hao wake zake wanampikia nini? Mwambie Zoé asiende huko kushika mashine tu, ampikie na sombe. Halafu wewe, mbona shati lako limekunjamana? Na Zoé mwenyewe simwoni. Kila siku naletewa watu wote, yeye simwoni. Amekua? Amefanana na nani?"

Papa Florent alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Kisha akainyoosha kola yake, akaipangusa mikunjo kwa viganja.

"Haya, mama," alimwambia Zoé. "Washa, tumjibu."

Zoé aliitoa kamera kwenye begi. Aliangalia mwanga, kwa mazoea. Jua la alasiri lilikuwa zuri, la manjano, likianguka kwenye magari na kwenye meno mawili ya ndezi. Akaiegemeza kamera kwenye ndoo tupu ya mandazi, akabonyeza kitufe, kisha akazunguka akaenda kusimama kando ya baba yake. Hakujua pa kuweka mikono.

"Kidevu juu," Papa Florent alimnong'oneza.

"Mimi ni Zoé," alianza.